Kwenda Lweba Peke Yako, Kufika Ukiwa Mtoto wa Mtu

Kuna kizazi kizima cha watu wa Lweba, kijiji cha Fizi mashariki mwa Kongo, ambao hawajawahi kukanyaga Lweba. Wazazi wao walikimbia vita, wakavuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, au 1998 vita vilipoanza upya, wakapokelewa Kigoma, Tanzania, na kupelekwa kambi za Nyarugusu au Lugufu. Watoto wakazaliwa kambini, wakasoma kambini, na katika miaka ya 2010 wengi wakahamishiwa Marekani, Kanada na Australia. Kijiji wanakijua kwa masimulizi ya jioni: michikichi ya babu, mitumbwi ya baba wadogo, barabara ya kwenda Baraka. Wenzao walirudi kuanzia Oktoba 2005, shirika la wakimbizi la UNHCR lilipoanza kurudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Waliobaki nje leo ni watu wazima, wana kazi, wana nauli, na mama akishafariki au baba akianza kusahau majina, mtu anaona asipokwenda sasa hataenda tena.

Kwa kawaida anakwenda mmoja. Nauli haitoshi kwa wote, ndugu wengine wana watoto wadogo, wengine wanaogopa. Ukiwa wewe ndiye huyo mmoja, shika hili kwanza: unaweza kusafiri peke yako, lakini usifike peke yako. Anayeshuka Lweba na begi zuri na simu ya bei, bila majina, atapokewa kwa heshima kama mgeni wa shirika. Anayeshuka na majina matatu yaliyonyooka, la baba, la babu na la ukoo, pamoja na mtu mmoja wa pale anayemsubiri, atapokewa kama mtoto. Kazi ya kuyapata majina hayo na mtu huyo unaifanya miezi kabla ya kununua tiketi.

Anza na wazee walio karibu nawe, hata kama karibu ni kwa simu tu. Kila mji wenye Wabembe, watu wetu, una mama mmoja au mzee mmoja anayejua nani alimwoa nani. Mtafute huyo. Usimhoji kwa miaka. Wazee wetu wengi waliandikiwa kambini tarehe za kuzaliwa za kukisia, na nusu ya kambi ilizaliwa tarehe 1 Januari. Muulize kwa matukio. Uhuru wa 1960 ulimkuta mkubwa kiasi gani? Wakati wa uasi wa Mulele, 1964, walikimbilia milimani au walivuka ziwa? Laurent Kabila alipokuwa na wapiganaji wake Hewa Bora milimani, familia ilikuwa upande gani, kule juu au huku kando ya ziwa? Banyamulenge, Wabuyu, Wafuliiru na Wavira waliokuwa majirani zao walikuwa akina nani? Mzee asiyekumbuka mwaka hata mmoja anaweza kukupa nusu saa nzima kuhusu nani alimbeba nani mgongoni usiku ule. Rekodi sauti yake, kwa ruhusa yake, na uihifadhi zaidi ya mahali pamoja.

Kuna mambo usiyasukume. Watu wa mwambao huu wamepita kwenye mauaji, yakiwemo ya Makobola ya mwishoni mwa Desemba 1998 na mwanzoni mwa Januari 1999. Mzee akifika mahali akanyamaza, badilisha swali, muulize kuhusu samaki au kuhusu harusi yake. Unachotafuta ni ndugu. Ushahidi wa yaliyotokea atautoa mwenyewe siku akitaka, na huenda asiutoe kwako.

Majina yanahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu ndiyo yanayowapoteza watu wengi. Kwetu ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana kabisa, kwa hiyo kutafuta “familia ya fulani” kwa jina la mwisho, kama wanavyofanya Wazungu, hakutakufikisha popote. Halafu mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kizungu, na mtu aliyebatizwa Joseph akalazimika kuwa Wilondja kwenye karatasi zote za serikali, huku kanisani na nyumbani akiendelea kuwa Joseph. Kisha akaja karani wa kambi Tanzania, akaandika alivyosikia: Wilonja, Wironja, Wirondja. Alama ya kituo ya Kibembe, ile ya M'munga au M'mbondo, ilikufa njiani. Chukua daftari, na kwa kila mtu andika majina yote aliyowahi kuitwa: la ubatizo, la ukoo, la utani, la kambini, na jina analoitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Mara nyingi hilo la mwisho ndilo linalofungua mlango. Watu wanaweza kuwa wamemsahau Joseph, lakini Baba Asukulu wanamkumbuka.

Andika pia upande wa mama. Ukoo wa Mbembe unafuata baba, na kwa sababu hiyo vijana wengi wanafika wakijua upande mmoja tu. Lakini mjomba ni mtu mzito. Kufika kijijini, ukala kwa baba wadogo, ukaondoka bila kwenda kumsalimia mjomba aliye kijiji cha pili, ni jambo litakalosemwa miaka.

Makanisa nayo yana kumbukumbu ambazo serikali imezipoteza. Ukiwa Mkatoliki, daftari za ubatizo huandika jina la mtoto, wazazi, msimamizi na mara nyingi kijiji. Jimbo la Uvira liliundwa 1962, na parokia ndiyo ya kuulizwa kwanza. Kwa Wamethodisti Huru na Wapentekoste, ambao ni wengi sana mwambao huu, uliza wachungaji wazee; karatasi zao nyingi zilichomwa au ziliporwa vitani, lakini mchungaji aliyebatiza kijiji kizima anajua watu kuliko daftari. Chama cha Wabembe, Emo 'ya M'mbondo, na makundi ya WhatsApp ya koo pia husaidia. Tuma ujumbe mfupi wa sauti wenye majina matatu na kijiji, utaje ni nani aliyekuzaa, na usubiri. Usitume picha ya pasipoti yako wala tarehe ya safari kwenye kundi la mamia ya watu usiowajua.

Sasa karatasi. Hapa kosa dogo lina gharama kubwa, kwa hiyo nitasema moja kwa moja.

Kama bado ni mkimbizi Tanzania, hata kutoka kambini tu kunahitaji kibali, na kwenda Kongo kimya kimya kunaweza kuhesabiwa kuwa umerudi kwenu na huhitaji tena ulinzi. Zungumza kwanza na ofisi ya ulinzi ya UNHCR na wakuu wa kambi. Kama ulihamishiwa Marekani na bado una kadi ya kijani na hati ya safari ya mkimbizi, usikanyage nchi uliyoikimbia kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji; maofisa wanaweza kuuliza mtu aliyekimbia hatari alirudije matembezi. Wengi wanachagua kusubiri uraia, na mimi naona ni busara, hata kama mwaka mmoja unauma.

Ukishakuwa raia wa nchi nyingine, ujue kwamba kwa sheria ya Kongo ya Novemba 2004 uraia wa Kongo ni mmoja tu na hauchanganywi na mwingine. Utaingia kwa viza, kama mgeni, hata kama kitovu cha baba yako kimezikwa pale. Kijana aliyezaliwa kambini ambaye hajachukua uraia mwingine yeye ni Mkongo kwa kuzaliwa na mzazi Mkongo, na ubalozi mdogo wa Kongo mjini Kigoma ndio mahali pa kuanza kuulizia hati. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache nyumbani; mpakani wanaiomba kweli, na asiyekuwa nayo hujikuta analipa.

Njia ya kufika hubadilika kwa hali ya usalama, kwa hiyo usinunue tiketi isiyobadilishika. Tangu waasi wa M23 waichukue Bukavu Februari 2025, kushuka kutoka Bukavu hadi Uvira si njia ya kuipangia. Njia ya Bujumbura, mpaka wa Gatumba, Uvira, kisha barabara namba 5 kusini kando ya ziwa, inafaa mpaka ukiwa wazi na barabara ikiwa tulivu. Vita vikisogea, mpaka hufungwa bila taarifa. Fizi yenyewe ina jeshi na ina vikundi vya silaha, na mambo yanaweza kugeuka ndani ya wiki. Wa kuuliza ni ndugu aliyeko Lweba au Baraka, na umuulize mara kadhaa, mara ya mwisho siku moja kabla ya kuvuka. Akisema subiri, subiri ulipo. Anasema hivyo kwa sababu yeye ndiye atakayebeba lawama ukipata matatizo.

Kwa wengi, njia iliyonyooka ni Kigoma kwa maji. Boti za mbao za mizigo na abiria huondoka mwalo wa Kibirizi, na ziwa kwa wastani lina upana wa kilomita 50, lakini safari ya Baraka ni ndefu kuliko kukata ziwa tu: boti inapanda kaskazini, inaizunguka rasi ya Ubwari, ndipo iingie ghuba ya Burton, ambako Baraka ipo. Miezi ya Juni hadi Agosti upepo wa kusini huinua mawimbi makali. Msimu wa mvua ziwa hutulia kidogo lakini barabara upande wa pili inakuwa tope. Nunua jaketi lako la kuokolea Kigoma, ulivae na usilikalie. Boti ikijaa mpaka maji yanakaribia ukingo, shuka, hata kama umeshalipa. Abiria wa kufuata ni akina mama wa biashara wanaovuka na vitenge, sabuni na dagaa. Wanajua nahodha yupi mlevi, ofisa yupi ana roho nzuri, na dada anayesafiri peke yake akijitambulisha kwao mapema atalindwa njia nzima.

Ukishuka Baraka, nenda kwanza kwa DGM, ofisi ya uhamiaji, hata kama umeshagongewa mhuri mahali pengine. Omba risiti kwa kila unacholipa. Usipige picha bandarini, kwenye bariere za barabarani wala mahali palipo na mtu mwenye bunduki. Dola ndizo pesa, pamoja na faranga za Kongo. Noti iliyochanika hata ukucha mmoja haitakubaliwa, kwa hiyo zichague mpya tangu unakotoka, na nyingi ziwe ndogo. Lala Baraka usiku huo. Barabara ya Lweba ni ya kuelekea kaskazini, unavuka mto Mutambala, na pikipiki itakufikisha. Lakini uipite mchana, pamoja na mwenyeji aliyekuja kukuchukua. Kufika jioni kunawanyima watu nafasi ya kukupokea, na wewe kunakunyima nafasi ya kuona.

Tena, usitegemee kuona ulichosimuliwa. Tangu 2020 maji ya Tanganyika yamepanda na kumeza nyumba na miti mwambao mzima, Uvira hadi Kalemie, na Kigoma vilevile. Mwembe ambao baba alisema nyumba iko chini yake unaweza kuwa majini, au uliungua 1998. Barabara hiyohiyo leo ina Lusenda, kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofunguliwa 2015, ambayo mzazi wako hakuiacha. Ukiulizia mahali, ulizia kwa watu: nani alikuwa jirani, nani alikuwa na kinu cha mawese, nani alikuwa mwalimu. Miti imekufa, lakini wajukuu wa jirani wapo.

Nataka kukaa kidogo kwenye saa ya kwanza uwanjani pa ndugu zako, kwa sababu hakuna anayekuandaa kwa hiyo.

Utaingia, na kabla hujaketi, mama mmoja mzee ataanza kulia kwa sauti. Wengine wataitikia. Watoto watakimbia kuja kutazama. Usidhani umekosea kitu, wala usianze kusema “msilie, nimekuja.” Wanamlilia baba yako. Alifia Nyarugusu au Ohio, wao walipata habari kwa simu iliyokatikakatika, mwili hawakuuona, kaburi hawalijui. Wewe una sura yake, ukoo wake na labda sauti yake, na kuingia kwako ndiyo matanga ambayo hawakuwahi kuyakalia. Keti chini wanapokuonyesha. Lia kama unaweza. Kama huwezi, inama, unyamaze. Zawadi ziache kwenye begi. Simu iache mfukoni kabisa. Kilio kitapoa chenyewe, mtu ataleta maji, na hapo mkubwa wa nyumba atakuuliza habari za safari. Atakuwa anakupa zamu ya kusema.

Ndipo ujitambulishe kwa mpangilio. Kwa mfano: “Mimi ni mtoto wa Asukulu, mwana wa Wilondja wa hapa Lweba, wa Balala; mama yangu ni wa Babungwe, binti wa fulani.” Halafu waambie waliokufa, mmoja mmoja, alikufa wapi, kwa ugonjwa gani, nani alikuwepo, alizikwa wapi. Hili ndilo deni kubwa zaidi ulilobeba na huwezi kulilipa kwa fedha. Kwa hiyo kabla ya safari, nenda kwenye makaburi hayo ukayapige picha, uandike tarehe, na uchapishe picha kwenye karatasi. Picha ya karatasi itazunguka mikono yote, itarudi kwa mama mzee, na itabaki nyumbani kwake. Ya simu itaishia kwa vijana. Wewe nawe uliza: katika miaka hiyo yote, hapa tumempoteza nani? Utasikia majina ambayo hakuna aliyethubutu kuyatuma kwa simu. Uwe na nafasi moyoni ya kuyapokea, na uwe na mtu nje unayeweza kumpigia usiku.

Shikamoo yako ya Kigoma wataielewa, maana wengi wao nao wamepita kambini. Salimia kwa mikono miwili, anza na wazee, na usishangae bibi kizee akikuita “mume wangu” kama umerithi jina la babu. Mjibu kwa utani huohuo, atafurahi.

Kesho yake asubuhi nenda ukajitambulishe kwa chifu wa kijiji pamoja na mkubwa wa familia yako, mkiwa na kitu kidogo mkononi. Na huko huko, mbele ya mashahidi, sema ulichojia. Sehemu hii watu huiogopa, ila usipoisema, wengine wataisema badala yako: kila anayerudi hudhaniwa amekuja kudai shamba. Baba yako alipokimbia, ndugu au jirani alilima pale, akazaa pale, pengine akazika pale. Kwa sheria ya 1973 ardhi yote ni ya dola, lakini kijijini anayejua mipaka ni chifu na wazee wa ukoo, na kesi za mashamba zimegawanya familia nyingi za waliorudi. Kama umekuja kusalimia tu, tamka hivyo, kwa sauti, mapema. Kama kweli kuna jambo la shamba, usiligusie safari hii ya kwanza. Ndugu mliokutana juzi hamna bado uzito wa kubeba mgogoro.

Kuhusu fedha, zawadi za pamoja zinashinda za mmoja mmoja. Sukari, chumvi, sabuni, kitenge kwa mama wazee, nguo ya heshima kwa mkubwa wa nyumba. Kisha mchango wa chakula cha siku mtakayoketi wote, muhogo, sombe na samaki kuhe mzuri wa ziwa. Mkabidhi mkubwa wa nyumba agawe yeye. Utaletewa shida nyingi za kweli: ada za shule, mgonjwa, nyumba iliyoezuliwa. Usiahidi chochote ukiwa umesimama pale na machozi machoni. Sema utazungumza na ndugu zako, na uzungumze nao kweli. Ahadi ya dola 50 isiyotimia inaharibu zaidi ya kutoahidi.

Kipindupindu kimezoea pwani hii, na maji ya kunywa mara nyingi ni ya ziwa au ya mto. Beba vidonge vya kutakasia maji, na utakase ya nyumba nzima badala ya chupa yako tu, ili isionekane unawaonea kinyaa. Dawa ya malaria, chandarua, na ujue kwamba hospitali kuu ya Nundu iko kwenye barabara hiyohiyo, kaskazini zaidi.

Siku za mwisho zitumie na daftari. Keti na mama wazee na mchore ukoo kwenye karatasi kubwa, sebuleni, mbele ya kila mtu, ili wabishane na wasahihishane. Utatoka na majina ambayo huko nje hakuna anayeyajua. Nakala moja uiache kwa kijana anayesoma, mmoja atakayekuwa anaongeza watoto wanaozaliwa. Chagua pia mtu mmoja wa kupokea simu na pesa za familia, na achaguliwe na wao wenyewe, hadharani, la sivyo utakuwa umepanda ugomvi. Namba yake, na namba za watu wengine wawili, ziandike kwa kalamu kwenye daftari, kwa kuwa simu huibiwa Bujumbura na huloana ziwani. Ukifika Kigoma mpigie kabla hujampigia mtu mwingine yeyote, umwambie umevuka salama. Nyumba nzima itakuwa imekaa ikisubiri.